Mashimo Sitini na Moja ya Mwalimu Egidi

Walburga Kapinga hakuwa na ugomvi na madini. Ugomvi wake ulikuwa na simu ya mumewe, ile yenye ufa katikati ya kioo, ambayo tangu Septemba ilikuwa inalala kitandani upande wa ukutani, mahali palipokuwa pake yeye kwa miaka thelathini na mitatu.

Mumewe, Mwalimu Egidi Ndunguru, alikuwa amestaafu Aprili. Walimu wenzake walimpa saa ya ukutani, wazazi wakamletea jogoo, na yeye mwenyewe akajinunulia suti ya buluu inayong'aa, ya kuvaa kwenye sherehe ya kumuaga. Sherehe ilifanyika nyumbani kwao kilimani, nusu saa kwa bodaboda kutoka Mbinga mjini. Wilfred, mtoto wa mdogo wake Egidi, alikuja na droni ya kupigia picha, akaizungusha juu ya mlima mzima tangu asubuhi mpaka kuku wakasusa kutaga siku tatu. Halafu wageni wakaondoka, jogoo akaliwa, saa ikaisha betri, na Egidi akabaki na muda.

Muda ndio uliomponza. Mtu aliyezoea kuwaamuru watoto mia nne wasimame, wakae na wanyamaze, sasa alikuwa na mke mmoja na mbuzi wanane, na hakuna aliyesimama. Alijaribu kuwapanga mbuzi kwa urefu. Alijaribu kumsahihisha Walburga namna ya kukoka moto, jaribio ambalo hakulirudia. Kufika Septemba alikuwa mtu wa kumwonea huruma, na huruma ikaja kwa miguu, imevaa viatu vilivyochongoka mbele. Wilfred tena.

Wilfred alikuwa na miaka thelathini na kidogo, aliishi mjini Mbinga, na alikuwa ameshauza vifurushi vya simu, dawa za nguvu za kiume na bima ya mazishi, kwa mpangilio huo, na baadhi ya wateja wake walikuwa walewale. Sasa alikuwa anauza tokeni.

"Baba mkubwa, dunia nzima inahamia kwenye magari ya betri," alisema, akisogeza kikombe cha chai ili apate nafasi ya mikono. "Betri inataka nikeli. Inataka kobalti, inataka grafiti. Haya ndiyo madini mkakati. Zamani mgodi ulikuwa wa tajiri mmoja. Siku hizi mgodi unakatwa vipandevipande kwenye mtandao, kila kipande kinaitwa tokeni, na wewe unanunua chako hapahapa unakunywa chai. Nikeli ikipanda bei huko Ulaya, na tokeni yako inapanda."

"Na nikeli yenyewe nitaiona wapi?" aliuliza Egidi, maana hakuwa mjinga, alikuwa amefundisha jiografia miaka thelathini na sita.

"Huhitaji kuiona, baba mkubwa. Ndiyo uzuri wake."

Walburga alikuwa mlangoni anachambua maharage. Aliisikia sentensi ile akaiweka. Maishani mwake alikuwa ameuza maharage, nguruwe na kahawa, na hajawahi kukutana na mnunuzi aliyesifu kitu kwa kutoonekana. Hata kahawa yake ilipoingia ghala la ushirika alipewa karatasi, sawa, lakini karatasi ile ilikuwa na gunia nyuma yake, na gunia lina mahali pa kuingiza mkono. Alitaka kusema hivyo, ila Egidi alikuwa ameshavaa miwani, na Egidi akivaa miwani haambiwi kitu.

Kampuni ilijiita Kesho Metali. Ndani ya simu kulikuwa na picha ya mgodi wenyewe, imepigwa kutoka juu: mlima wa kahawia umejaa mashimo, mstari kwa mstari, na kila shimo lina namba. Ukigusa shimo na kulipa, linageuka kijani. Limekuwa lako. Egidi alianza na mawili, kwa kuonja. Ilipofika Krismasi alikuwa na mashimo sitini na moja ya kijani, yaliyomeza fedha yake yote ya kahawa ya msimu na pensheni ya miezi mitatu, na kila jioni aliyatazama kama mfugaji anavyotazama ng'ombe wakirudi zizini.

"Nami nione," Walburga alimwambia siku moja.

"Mikono yako ina unga."

Alipokuja kuonyeshwa, ilikuwa kwa mbali na kwa sekunde tano. Akaona kitu cha ukubwa wa kiberiti, cha kahawia, chenye vipele, na ufa umepita katikati. Akarudi jikoni.

Lililomtoa jikoni ni eneo jekundu. Katikati ya ile picha kulikuwa na mahali pasipo shimo hata moja, pamezungushiwa duara jekundu. Januari, Wilfred alikuja kueleza kwamba wahandisi wamepaacha kwa makusudi, maana ndipo penye mzigo wenyewe. Hapo hapauzwi kwa shimo. Panauzwa pote kwa mkupuo, milioni sita, na atakayepapata hataitwa tena mteja, ataitwa mbia.

Egidi aliposikia neno mbia, mgongo wake ulinyooka. Walburga aliuona ukinyooka, akajua kazi ipo.

Milioni sita hawakuwa nazo mkononi. Kiinua mgongo kilikuwa kimefungwa benki kwa mwaka mzima, uamuzi pekee wa busara alioufanya Egidi baada ya kustaafu, na ulikuwa wa Walburga. Kilichobaki ni shamba la chini, miche mia nne ya kahawa, na Hamphrey, mfanyabiashara mwenye duka la vifaa vya ujenzi Kitai, alikuwa analimezea mate tangu zamani. Egidi alikwenda kwake asubuhi, akarudi mchana na jibu: Hamphrey angefika Jumatatu na fedha taslimu.

Miche ile Walburga aliipanda kwa mikono yake. Viangazi viwili alipandisha maji kutoka kijitoni, ndoo kichwani, akiinywesha mmoja mmoja kama wagonjwa. Ndiyo iliyomsomesha binti yao Beata mpaka akawa muuguzi Songea. Aliipenda kahawa ile kuliko alivyowahi kumpenda mtu yeyote wa ukoo wa Ndunguru, na hilo alikuwa tayari kulisema hata mbele ya padri.

Bahati yake ni mtendaji wa kijiji. Mtendaji alimweleza Egidi kwamba shamba la familia haliuzwi bila fomu ya ridhaa ya mwenza, yenye sahihi ya mke, mbele ya mashahidi. Egidi akaileta fomu nyumbani, akaiweka mezani pamoja na kalamu, akaisogeza mbele ya mkewe kwa kidole kimoja.

"Nitasaini," alisema Walburga.

Egidi alishtuka. Alikuwa amejiandaa kwa hotuba.

"Nitasaini, Mwalimu. Ila kwanza niuone huo mgodi. Sio kwenye simu. Kwa macho yangu haya."

Egidi akampigia Wilfred, Wilfred akapiga kwingine, na jibu likarudi kabla ugali haujaiva: Jumamosi kampuni inafanya semina ya wawekezaji Lipingo, ufukweni mwa ziwa, na mama mkubwa ataonyeshwa mgodi.

Jumamosi walipanda basi la asubuhi kushuka Mbamba Bay, Egidi ndani ya suti yake ya buluu, Walburga na mkoba uliokuwa na fomu, kalamu na sado moja ya maharage. Maharage yalikuwa ya Asteria. Asteria alikuwa mwuza dagaa wa Lipingo, na kwa miaka ishirini yeye na Walburga walikuwa wakikutana sokoni Mbinga na kubadilishana, dagaa kwa maharage. Mmoja Mwanglikana, mwingine Mkatoliki, na hawajawahi kugombana ila juu ya namna ya kujaza sado: Asteria alisawazisha kwa kiganja, Walburga alitaka kichuguu.

Kutoka Mbamba Bay walichukua bodaboda mbili. Turubai la semina lilikuwa limefungwa karibu na vichanja vya kuanikia dagaa, kwa hiyo utajiri ule ulikuwa na harufu yake. Watu kama hamsini walikuwa wamekaa kwenye viti vya kukodi, wengi wao wavuvi na wake zao. Asteria alikuwa mstari wa pili.

"Shoga, na wewe?" Walburga alimwuliza, akimkabidhi sado.

"Mashimo matatu tu," alisema Asteria kwa aibu kidogo. "Nilimsikia mumeo sokoni akimwelezea mtu. Nikasema, kama mwalimu mzima ameingia, mimi ni nani?"

Egidi alisikia akajikohoza kwa fahari. Walburga akaanza kuhesabu watu waliokaa.

Mtoa semina aliitwa Dastan. Alivaa kizibao chenye mifuko kumi na miwili na kofia ngumu ya njano, mpya, na bei bado imebandikwa ubavuni. Alikuwa na sauti nzuri, hilo lazima lisemwe. Angesoma orodha ya bei za misumari watu wangetokwa machozi. Akamwaga sera: dunia inakimbilia betri, mabepari wanakimbilia Afrika, na safari hii Mwafrika atakuwa ndani ya treni, sio kwenye reli. Watu wakapiga makofi. Egidi akapiga ya kusimama.

"Sasa mgodi," alisema Dastan, na mkono wake ukaonyesha milima iliyo nyuma yao, ambayo siku ile ilikuwa imefunikwa na mawingu kuanzia kiunoni. "Uko nyuma ya milima ile. Bahati mbaya mvua zimekata barabara. Lakini teknolojia, ndugu zangu, imetuletea mgodi mpaka hapa!"

Wilfred akavuta kamba. Bango likafunguka, pana kama ukuta wa nyumba.

Walburga alisimama, maana watu wa mbele walikuwa wamesimama pia. Ilikuwa ile picha ya kwenye simu, lakini sasa haina ufa, na kila shimo lina ukubwa wa sahani. Na wazo la kwanza lililomjia, kabla ya yote, lilikuwa la kitaalamu: huyu mwanamke aliyechimba hapa anajua kazi.

Maana ile ilikuwa ngoro. Mtoto yeyote wa kilimani angekuambia. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza chini kwa miraba. Kisha wanawake huja na majembe, huchimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo, mpaka mlima mzima unabaki mashimo na matuta. Maharage hupandwa kwenye matuta, mvua hunywewa na mashimo, udongo haukimbilii bondeni. Wamatengo wanalima hivyo tangu enzi za mababu, na wanaume wao wamejipangia vizuri sana: sehemu yao ndiyo inayoisha mapema. Egidi hata hiyo hakuifanya. Kila mwaka alimtuma kibarua, kwa sababu mwalimu ana ratiba.

Kisha Walburga akaona shimo moja, mstari wa tatu kutoka chini, kubwa kuliko mengine. Alilikumbuka. Siku ile Egidi alikuwa amemwambia uji wake hauna sukari, na yeye akaenda shambani na hasira, akachimba mpaka alipokuja kushtuka jembe limepita kiasi. Akaanza kutazama upya, pole pole. Kijumba cha bati. Uzio. Njia ya mbuzi. Eneo jekundu.

Akashika kiti cha mbele.

"Hawa weupe mnaowaona," Dastan alikuwa akieleza kwa fimbo, "ni wafanyakazi wetu wa zamu ya asubuhi. Huu hapa chini ya bati ni mtambo wa kuchakata nikeli. Na hapa sasa..." Fimbo ikatua kwenye duara jekundu. "Hapa ndipo penyewe."

Walburga alinyoosha mkono.

"Karibu mama, usiogope."

"Siogopi. Nauliza, hao wafanyakazi mnawalipa?"

"Kwa mujibu wa sheria, mama. Na bima wanayo."

"Maana huyu mweusi wa pembeni tulimchinja siku hiyohiyo ya sherehe ya Mwalimu. Saa saba mchana alikuwa kwenye sufuria. Wilfred, si wewe uliyekula maini?"

Mtu mmoja nyuma alicheka, halafu watatu. Wilfred aliangalia viatu vyake kama vile vingempa jibu.

"Mama, tafadhali..." alianza Dastan.

"Na mtambo wako wa nikeli ni mashine yangu ya kumenyea kahawa. Mpini wake umevunjika, tunazungushia kipande cha nondo. Sogea karibu utauona."

Watu walisogea. Nondo ilionekana. Egidi naye akasimama, uso umemwiva, na kusema kwa sauti ya darasani, "Mama Beata, kaa chini. Unaniaibisha mbele ya wawekezaji wenzangu."

"Sawa, nakaa. Lakini wewe ni mwalimu, unajua kusoma ramani. Angalia kona ya chini, kulia, kwenye uzio. Ile suruali ya buluu iliyoanikwa ni ya nani?"

Egidi alitazama bango. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akatazama tena. Kisha taratibu, mbele ya watu hamsini, akainamisha kichwa akatazama miguu yake mwenyewe.

Hapo ndipo turubai lilipotaka kung'oka. Wanawake wa dagaa walicheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja alianguka na kiti chake cha kukodi akaendelea kucheka akiwa chini. Dastan alipaza sauti kwamba picha ni ya mfano tu, kampuni kubwa zote hutumia picha za mfano, na Asteria akamjibu kutoka mstari wa pili, na yeye hakuwa anacheka:

"Dagaa nilizouza hazikuwa za mfano."

Kicheko kikakatika. Dastan akasema anakwenda kwenye gari kuchukua chaja. Alitembea kwa heshima mpaka kwenye mlango wa gari, na kutoka hapo heshima ikaisha. Alikula kona ya kwanza kwa kasi iliyorusha mchanga mpaka kwenye vichanja. Kofia ngumu ilibaki kwenye kiti. Walipiga namba za kampuni, hazikupatikana. Mashimo ya kijani yaliendelea kung'aa ndani ya simu hadi jioni, halafu nayo yakazimika.

Wilfred hakuliwahi gari. Wanawake wawili walikuwa wamekalia ncha za koti lake.

"Waliniomba picha ya mgodi, mama mkubwa," alisema, karibu kulia. "Sikuwa nayo. Nikatuma iliyofanana. Mimi mwenyewe nilinunua ishirini!"

"Wewe ni Mmatengo, Wilfred. Hujui ngoro?"

"Nimekulia mjini."

Walburga alimwacha hapo, kwa sababu alikuwa amemfikiria mtu mwingine, ambaye hakukulia mjini.

Alimkuta Egidi amekaa kwenye mchanga, peke yake, viatu kando na suruali ya buluu ameikunja hadi magotini. Ziwa lilikuwa limetulia. Walburga alikaa kando yake na akawa amejiandaa kumhurumia. Maneno yenyewe yalikuwa yameshafika mdomoni.

"Lakini, Mama Beata," alisema Egidi pole pole, bila kumtazama. "Lile eneo jekundu. Pale hakuna shimo kweli. Miaka yote hiyo hukuchimba pale. Kwa nini? Huenda hawa wezi wamebahatisha. Huenda pale kuna kitu."

Maji yalikuwa hatua nne tu. Walburga aliyapima kwa macho, akampima na mumewe, akaona anaweza. Badala yake alisema, kwa hasira ambayo hakujua amekaa nayo muda mrefu hivyo:

"Pale alizaliwa Beata."

Egidi akageuka.

"Ilikuwa Machi. Wewe ulikuwa shule. Niliinama kuchimba nikiwa na mimba yangu, nikainuka nina mtoto. Mama yako na wanawake wa pale ng'ambo walinizungushia kanga. Kondo la nyuma tulilizika palepale, tukaweka jiwe. Tangu siku ile jembe halijagusa pale. Vibarua wako wote wanajua kupita pembeni. Mbuzi wanajua."

"Uliniambia shambani," alisema Egidi.

"Nilikuambia shambani. Hukuuliza wapi."

Walikaa. Mitumbwi miwili ilikuwa imepinduliwa mchangani na watu walikuwa wanaitia viraka. Miaka thelathini na sita hakukosa jibu mbele ya darasa, na sasa mkewe alimtazama akilitafuta, akalikosa, na kwa mara ya kwanza tangu Aprili akaonekana ni mzee kweli. Walburga alilia kidogo. Alijifuta kwa upindo wa kitenge akaamka, maana basi la mwisho halisubiri wanaolia.

Asteria aliwapimia dagaa za njiani. Alijaza sado, akaisawazisha kwa kiganja, akamtazama Walburga, akaongeza kichuguu bila kuombwa. Mfuko hakuwa nao. Walburga akafungua mkoba, akatoa fomu ya ridhaa ya mwenza, safi, haina sahihi, akaikunja kuwa pakacha.

"Mimina humu, zitakazozidi tia mkobani."

Egidi aliona. Ndani ya basi pakacha hilo alilishika yeye, mapajani, mpaka Mbinga.

Fedha haikurudi. Walikwenda polisi wakaandika maelezo, na Jumatatu Hamphrey alikuja kutoka Kitai na bahasha yake, akanyweshwa chai, akarudi nayo. Lakini Asteria alikuwa na kichwa kigumu kama Walburga. Alipiga simu wiki ya pili.

"Shoga, nimefikiri. Mashimo nimenunua. Mashimo yapo. Mwenye mashimo namjua."

"Njoo Machi," alisema Walburga. "Utachimba yako matatu na maharage yake utachukua. Jembe nitakuazima."

Alikuja kweli, na kanga mbili na kikapu cha samaki. Mikono yake ilizoea muhogo wa mchangani; mashimo yake yaliinama upande kama yamelewa, na Walburga alimcheka siku nzima. Wilfred aliletwa na ukoo kufyeka nyasi za mlima wote bila malipo. Viatu vilivyochongoka havikumaliza siku ya kwanza. Walburga alimwita zamu ya asubuhi.

Egidi alifyeka naye. Lakini nyasi zilipokwisha kulazwa na wanawake wakashika majembe, hakwenda nyumbani. Alichukua jembe la ziada lililokuwa ukutani, akapanda mpaka mstari wa juu, akaanza kuchimba. Mke wa jirani alimwuliza Walburga kama mwalimu ana homa.

"Ana mashimo sitini na moja," alijibu Walburga. "Mwacheni ayapate."

Alichimba manane siku ya kwanza, na usiku hakuweza kushika kijiko. Siku ya pili saba. Wapita njia walisimama bondeni na kupaza sauti, "Mwalimu, nikeli imetoka?" Mwanzoni alinuna. Baadaye alijifunza kujibu bila kuinua kichwa: "Bado tuko kwenye utafiti!" Walburga alimsikia, akainamia tuta lake asionekane anacheka. Simu ilikuwa nyumbani, juu ya kabati, na kitandani upande wa ukutani palikuwa na mtu.

Siku ya nane Beata alikuja kutoka Songea, na likizo ya siku nne na mikate. Alipanda shambani na sufuria ya chai, akatafuta mahali pa kuituliza kati ya mashimo mapya, na akaona pale katikati, penye majani mabichi na jiwe moja, ambapo hakuna aliyewahi kumweleza, maana msimu wa majembe ulimkuta shule kila mwaka. Egidi alikuwa hatua mbili kutoka hapo, shati limemgandia mgongoni, anachimba shimo la hamsini na tisa. Mstari wake ulikuwa umenyooka hadi kwenye yale majani; hapo ulikuwa umekunja kona.

"Baba," aliita Beata, "hapa mmesahau."

Walburga aliinua kichwa ili ajibu, kama alivyojibu vibarua wote kwa miaka thelathini na moja. Egidi alimtangulia.

"Hatujasahau," alisema. Aliegemea mpini wa jembe, akahema. "Hapo ndipo ulipozaliwa, mwanangu. Hapauzwi. Weka chai, ukae."